Risasi kwa mbwa wa mtu huua na imani kwa askari

Rubondo ninayoizungumzia leo si kile kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Tanzania chenye hifadhi ya taifa. Ni Rubondo ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Wasomaji wetu wanaonunua maharagwe na mahindi huko na kuyapeleka Mbarara wanaijua vizuri. Magunia hupakiwa kabla jua halijachomoza, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Mkongo, Mrundi na Mnyankole kwenye mzani mmoja.

Asubuhi moja nilikuwa hapo nikiulizia bei ya maharagwe. Mama mmoja wa Kikongo, mwenye umri wa kunizaa, alinikaribisha nikae juu ya gunia lake wakati akisubiri gari. Miguuni pake alilala mbwa wa rangi ya udongo, kafungwa kamba ya katani shingoni. Nikamsifia yule mbwa. Mama akacheka kidogo, kisha akasema, "Huyu ni wa pili, mwanangu. Ule wa kwanza askari walimpiga risasi."

Jambo hilo halikutokea Rubondo. Lilitokea miaka ya nyuma katika mji mmoja wa mpakani alikokuwa na stoo ndogo ya nafaka, na aliniomba nisiutaje. Kulikuwa na msako wa mbwa wanaozurura. Mbwa wake alikuwa amelala mlangoni pa stoo. Askari walipokaribia, akasimama na kubweka, kazi ile ile aliyofugiwa. Ikalia risasi moja. Mtoto wa mwisho wa yule mama alikuwa ndani akinywa uji. Hakuna aliyebisha hodi kabla, wala aliyerudi baadaye kutoa maelezo. Mzoga aliuzika mwenyewe.

Nikamuuliza hasara ilikuwa kiasi gani. Akanihesabia kama mfanyabiashara. Mbwa alikuwa akila ukoko wa ugali na makombo ya samaki. Mlinzi aliyemweka badala yake alitaka mshahara kila mwezi, na usiku wa mvua alikuwa haonekani. Kisha akaniambia neno lililonifanya niandike makala haya. Miezi michache baadaye stoo ilivunjwa, na aliyeivunja alimjua kwa sura na kwa jina. Hakwenda polisi. "Niende kwa nani?" aliniuliza.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Askari anapompiga risasi mbwa wa familia bila sababu ya lazima, hasara haiishii kwa mbwa. Mwenye mbwa, majirani zake na watoto walioona hubaki na somo kwamba mwenye bunduki anaweza kuingia uani, kuharibu mali na kuondoka bila kuulizwa. Siku wizi ukitokea, siku magendo yakipita, siku mgeni mwenye nia mbaya akionekana sokoni, watu hao hawatafungua mdomo. Na polisi asiyeambiwa kitu na raia ni sawa na mfanyabiashara asiyejua bei ya soko.

Najua wapo watakaosema, "Ni mbwa tu." Katika lugha yetu wenyewe mbwa ni tusi, na mbwa koko ni tusi kubwa zaidi. Lakini tuitazame nyumba ya Rubondo ilivyo. Kuta ni za udongo, pengine turubai juu, mlango ni ubao mmoja na kufuli lake hufunguka kwa msumari. Mbuzi watatu wamefungwa nyuma ya nyumba. Shamba liko mbali kidogo, na nyani hawasubiri mavuno. Kwa familia hiyo mbwa ndiye kengele, ndiye ukuta, ndiye mlinzi wa zamu ya usiku. Mtu wa mjini mwenye geti la chuma na kamera anaweza kumwita pambo. Wa Rubondo hawezi.

Ni kweli pia kwamba si kila mkazi wa Nakivale anampenda mbwa. Jirani Msomali au Mwislamu kutoka Kongo hujikinga na mate yake kwa sababu ya udhu, na haki hiyo lazima iheshimiwe. Wapo na Wanyarwanda ambao kwao mbwa ni kumbukumbu nzito. Wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, mbwa walikula maiti zilizotapakaa barabarani, na wapiganaji wa RPF pamoja na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa wakawapiga risasi. Kwa miaka mingi baadaye wageni walishangaa ni kwa nini Rwanda haikuwa na mbwa wengi. Walioyaona hayo hawawezi kumtazama mbwa kama wengine wanavyomtazama. Makazi yenye watu wa historia tofauti namna hii yanahitaji utaratibu unaoeleweka na kila mtu. Bunduki ya ghafla haimtulizi anayeogopa mbwa, na humchoma moyo anayemfuga.

Sasa tuusikie upande wa askari, kwa sababu nao una uzito. Kichaa cha mbwa si hadithi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi mno wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Kati ya watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Mzazi wa Rubondo ambaye mwanawe ameng'atwa anapaswa kuwahi chanjo ya binadamu, na mara nyingi safari yake humalizikia Mbarara, kwa nauli ambayo pengine ni mtaji wa wiki nzima. Askari anayekuta mbwa mwenye kichaa karibu na shule hana muda wa kuitisha mkutano. Akifyatua risasi, mimi simlaumu, na sidhani kama kuna mwenye mbwa atakayemlaumu.

Ninachokipinga ni kuigeuza bunduki kuwa mpango wa afya. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki tumezoea jambo hili tangu enzi za mkoloni: malalamiko yakizidi, hutolewa amri, na mbwa huuawa kwa risasi au kwa nyama yenye sumu. Wiki mbili mitaa huwa kimya. Miezi michache baadaye mbwa wamejaa tena, na ugonjwa haujaondoka.

Sababu haihitaji shahada kuielewa. Mbwa koko halisi anamjua binadamu kuwa adui na hukimbia mapema. Anayebaki amesimama mbele ya bunduki ni yule aliyezoea watu, yaani wa nyumbani, na huenda ndiye aliyechanjwa. Ukimuua, umeondoa mnyama mwenye kinga na kumwachia nafasi mwingine asiye nayo. Zaidi ya hapo, wenye mbwa wanaposikia msako unakuja huwaficha, au huwahamishia kwa ndugu kijiji cha pili, au ng'ambo ya mpaka. Kama kuna mbwa mgonjwa kati yao, ugonjwa nao umesafirishwa.

Mifano ipo. Kichaa cha mbwa kilipoingia kisiwa cha Bali, Indonesia, mwaka 2008, mamlaka zilianza kwa kuua mbwa kwa wingi, na watu wakaendelea kufa. Hali ilianza kubadilika chanjo ya kisiwa kizima ilipoanza mwaka 2010. Karibu na kwetu kuna Pemba. Ugonjwa uliingia kisiwani humo, ukadhibitiwa kwa kampeni za kuchanja mbwa, ukarudi mwaka 2016, na ukaondolewa tena ifikapo mwisho wa 2018 baada ya chanjo kukazwa. Pemba ni kisiwa cha Waislamu, ambako mbwa hapewi nafasi sebuleni. Hata hivyo watu waliwatoa mbwa wao wakachanjwa, kwa sababu walielezwa na wakaheshimiwa. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 kati ya kila 100, mnyororo wa ugonjwa unakatika. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hasira ya watu juu ya mbwa wao nayo si jambo la leo, wala si la Wazungu peke yao kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1832 serikali ya Waingereza mjini Bombay iliamuru mbwa wanaozurura wauawe msimu wa joto, na wauaji wakawa wanalipwa kwa kila kichwa. Mfanyabiashara yeyote anajua kinachofuata ukimlipa mtu kwa idadi. Makonstebo waliacha kuhangaika na mbwa wa vichochoroni, wakaanza kuwanyakua waliokuwa milangoni mwa wenyewe. Waparsi, ambao dini yao inampa mbwa heshima, waliandamana mwezi Juni mwaka huo, na Wahindu, Wajaini na Waislamu wakawaunga mkono. Maduka yalifungwa, soko likasimama. Mwishowe serikali ilikubali mbwa wahamishwe nje ya mji badala ya kuuawa. Waliowashinda watawala siku zile ni watu wa biashara, na walichotumia ni kufuli za maduka yao.

Kisa kingine kinatoka kaskazini kabisa mwa Kanada, na kinafanana na Nakivale kuliko mtu anavyoweza kudhani. Kati ya miaka ya 1950 na 1970, Wainuiti, wenyeji wa nchi ya barafu, walihamishiwa kwenye makazi ya kudumu. Mbwa wao walikuwa ndio usafiri wao na ndio wenza wao wa uwindaji. Bila mbwa hakuna nyama. Polisi wa serikali kuu waliwapiga risasi mbwa hao kwa mamia, wakisema sheria inataka mbwa wafungwe na wanaozurura ni hatari. Sheria ilikuwa ya lugha ambayo wazee wengi hawakuisoma. Wengine walikuja kwenye makazi kununua mahitaji, na walipotaka kurudi hawakuwa na kitu cha kuvuta gari la theluji.

Wainuiti walidai haki yao kwa miaka mingi. Tume yao ya ukweli ya Qikiqtani ilitoa ripoti mwaka 2010. Serikali ya Kanada iliomba radhi kwa watu wa eneo hilo mwaka 2019, na mwaka 2024 ikaomba radhi kwa wale wa Nunavik na kuahidi dola za Kanada milioni 45. Hesabu miaka mwenyewe: nusu karne na zaidi, na jeraha la mbwa lilikuwa bado bichi. Ni kwa sababu watu wale hawakuwa wakililia mbwa peke yake. Walikuwa wakikumbuka siku waliyofahamu kwamba mbele ya askari wao si kitu.

Hata Marekani, nchi yenye bunduki kila kona, jambo hili limebadilisha sheria. Mwaka 2008 askari wa kaunti ya Prince George's, jimboni Maryland, walivamia nyumba ya meya wa mji mdogo wa Berwyn Heights, Cheye Calvo, wakifuata kifurushi cha bangi. Waliwaua mbwa wake wawili. Baadaye ikabainika kuwa meya na mkewe hawakuwa na hatia. Wauza bangi walitumia anwani yao. Mwaka uliofuata Maryland ilipitisha sheria ya kuvitaka vikosi vya aina hiyo kutoa taarifa za uvamizi wao. Mwaka 2013 jimbo la Colorado nalo liliamua kwamba polisi wafundishwe tabia za mbwa, na hali ikiruhusu mwenye mbwa apewe nafasi ya kumwondoa kwanza. Hakuna aliyesema askari asijitetee. Kilichosemwa ni kwamba bunduki iwe ya mwisho.

Kuna pingamizi moja ambalo sitaki kulikwepa. Posho ya chakula Nakivale imepunguzwa mara kadhaa miaka ya karibuni. Watu wanalala na njaa, na mimi nawaandikia habari za mbwa? Nilimweleza yule mama pingamizi hilo. Akanijibu kwamba posho ilipopunguzwa ndipo wezi wa usiku walipoongezeka, na ndipo gunia lake la maharagwe lilipohitaji mlinzi zaidi. Aliye na kidogo ndiye anayeumia zaidi kidogo hicho kikiguswa. Sikuwa na la kuongeza.

Kisheria pia mwenye mbwa si mnyonge kama anavyofikiri. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 26, inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na inazuia mtu kunyang'anywa bila fidia ya haki. Imesema "kila mtu", haikusema kila raia, kwa hiyo mkimbizi wa Rubondo naye yumo. Ipo sheria inayokataza ukatili kwa wanyama, na ipo sheria ya kichaa cha mbwa inayozipa mamlaka nguvu za kuchukua hatua ugonjwa unapotangazwa. Sheria hizo mbili hazigombani. Kinachokosekana ni hatua za katikati, kati ya malalamiko ya jirani na mlio wa risasi.

Napendekeza hatua nne, na zote ni za gharama ndogo kuliko hasira.

Kwanza, daftari. Wafanyabiashara tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenyekiti wa LC1 kijijini, au kiongozi wa baraza la wakimbizi katika makazi, aandike kila nyumba ina mbwa wangapi na nani mwenyewe. Mbwa aliyeandikwa avae ukanda wa rangi moja shingoni, hata kama ni kitambaa, ili askari amjue kwa macho kabla hajashika bunduki.

Pili, chanjo kwanza. Ofisa mifugo wa wilaya, kwa kushirikiana na Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia makazi na mashirika yaliyopo, apange siku ya chanjo kila mwaka. Ifanyike siku ya soko, kwa sababu ndiyo siku watu wanatoka. Mwenye mbwa asiyemleta bila sababu ndiye aulizwe, kabla mbwa hajahukumiwa.

Tatu, tangazo. Kama ni lazima mbwa wasio na wenyewe waondolewe, watu waambiwe siku kadhaa mapema, kwa Kiswahili, Kinyankole, Kinyarwanda na Kisomali, redioni na misikitini na makanisani. Anayepewa kazi hiyo awe mtu wa mifugo aliyefunzwa, na asilipwe kwa kichwa. Bombay ilishatufundisha hilo karibu miaka 200 iliyopita.

Nne, maelezo na fidia. Askari akimuua mbwa wa mtu, aandike siku hiyo hiyo: wapi, kwa nini, nani alishuhudia. Ikionekana hakukuwa na lazima, mwenye mbwa alipwe, hata kama fedha ni kidogo. Neno la "samahani, mama" kutoka kwa mkuu wa kituo lina thamani kuliko ofisi nyingi zinavyojua.

Na kwa kuwa gazeti hili linasomwa na watu wa mipakani, naongeza la tano linaloihusu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu Kongo ijiunge mwaka 2022, soko letu linaanzia pwani ya Bahari ya Hindi na kufika ufuo wa Atlantiki. Mbwa wa mchungaji hajui kama Mto Kagera pale Kikagati na Murongo ni mpaka wa Uganda na Tanzania, na kirusi hakijui zaidi. Wilaya moja ikichanja na ya ng'ambo ikapiga risasi, zote mbili zimepoteza fedha. Sisi tunaovuka tumeshazoea kubeba kadi ya njano ya chanjo yetu wenyewe. Si jambo gumu kuwa na kadi moja ya chanjo ya mbwa inayotambuliwa Mutukula, Katuna na Bunagana, na wiki moja ya chanjo inayofanyika pande zote za mpaka kwa wakati mmoja.

Ninyi wafanyabiashara mna sauti hapa kuliko mnavyojipa. Vyama vyenu hukaa na maofisa wa forodha, polisi na wilaya kuzungumzia ushuru na vizuizi vya barabarani. Kikao kijacho ongezeni ajenda moja. Mlindeni mlinzi wa stoo zenu, na mlindeni mtoto anayeweza kung'atwa. Kazi hizo mbili ni moja, na chombo chake ni sindano ya chanjo.

Gari la Mbarara lilipofika, mama alisimama, akamfungua mbwa kamba na kumkabidhi kwa binti yake. Nilimuuliza kama mbwa huyu wa pili amechanjwa. Akasema anataka sana, ila hajui pa kumpeleka. Kisha akapanda juu ya magunia yake, na mbwa akabaki amekaa katikati ya njia, akiliangalia gari mpaka likapotea.